HATAZA ISITOLEWE KWA LEBO TUPU

Ofisi za hataza za Ulaya, Marekani, China, Japani na Korea Kusini zinapokea maombi ya aina ambayo haikuwapo miaka ishirini iliyopita. Waombaji wanataka wamilikishwe njia za kufungasha faili za mawingu ya nukta. Maneno hayo yaweza kumchosha msomaji kabla hajafika mwisho wa sentensi, na hapana shaka wapo watakaosema kwamba hayo ni mambo ya mawakili na wahandisi, na wayamalize wenyewe. Wasiachiwe peke yao. Hataza ni haki itolewayo na serikali, inayomwezesha mtu mmoja kuwazuia wengine wote wasitumie kitu fulani bila ridhaa yake, kwa muda wa miaka 20 tangu siku ya kuomba. Palipo na haki ya namna hiyo, umma hauna budi kuuliza kitu chenyewe ni nini, na huyo anayepewa ameuletea umma faida gani.

Wingu la nukta ni picha isiyo bapa. Mcheza ngoma akizungukwa na kamera nyingi, kompyuta huweza kuupima mwili wake wote na kuuandika kama nukta zinazoelea hewani, kila nukta ikiwa na vipimo vitatu vya mahali ilipo pamoja na rangi yake. Mtazamaji aweza kuuzunguka mwili huo na kuutazama hata kwa nyuma. Mitambo ya leza hufanya kazi kama hiyo kwa majengo. Marehemu Andrew Tallon, mwalimu wa historia ya sanaa kutoka Marekani, alilipima kanisa kuu la Notre-Dame mjini Paris kwa leza akapata nukta zaidi ya bilioni moja. Kanisa hilo lilipoungua tarehe 15 Aprili 2019, vipimo vyake vilikuwa miongoni mwa vilivyowasaidia waliolijenga upya. Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara nayo yamekwisha kupimwa kwa leza na wataalamu wa mradi wa Zamani wa Chuo Kikuu cha Cape Town. Kwa hiyo jambo hili haliko mbali kama linavyosikika.

Tatizo la mawingu hayo ni uzito. Mwili wa mtu mmoja uliopimwa vizuri waweza kuwa na nukta 800,000. Ikiwa kila nukta inahitaji biti 30 za kueleza mahali ilipo na biti 24 za rangi, picha moja tu inakula biti milioni 43.2. Zikionyeshwa picha 30 kwa sekunde, kama ilivyo desturi ya video, mzigo unafika karibu biti bilioni 1.3 kila sekunde, na huyo ni mcheza ngoma mmoja, bado wapiga ngoma. Ndiyo sababu mashirika ya viwango ya kimataifa, ISO na IEC, yalitoa kanuni za kubana data za namna hii: moja mwaka 2021, ambayo hugeuza nukta kuwa picha za kawaida za video, na nyingine mwaka 2023, ambayo hubana umbo lenyewe la nukta.

Lakini kubana peke yake hakutoshi. Mzigo uliobanwa hauna budi kufungashwa, na hapa ndipo penye mgogoro. Faili nyingi za video duniani hufungashwa kwa utaratibu wa visanduku, uliotokana na ule wa QuickTime wa kampuni ya Apple. Kila kisanduku huanza kwa kutaja ukubwa wake, kisha jina lake la herufi nne. Kimoja hueleza faili ni ya aina gani. Kingine ni kama hati ya shehena, kinachosema kuna nini ndani na kiko wapi. Cha tatu hubeba mzigo wenyewe. Mtambo wa mtazamaji husoma hati kwanza, kama karani wa bandari asiyefungua kila kasha ili kujua lipi ni la saruji na lipi ni la vitabu. Kwa wingu la nukta utaratibu huo umeongezewa mambo. Umbo la nukta laweza kuwekwa katika mkondo mmoja na rangi katika mkondo mwingine. Wingu zima laweza kugawanywa katika vigae, na lebo ikaeleza kigae kipi kimo katika mkondo upi. Mtazamaji anayeutazama uso hana haja ya kupelekewa mgongo. Mtambo wake ukisoma lebo huagiza vigae vya mbele tu, na njia ya mawasiliano ikaokoka na mzigo usio na kazi.

Makampuni makubwa, miongoni mwao Tencent ya China na LG ya Korea Kusini, yameandika maombi mengi katika eneo hili. Ukiyasoma maombi hayo utakuta mengi yana sura moja: kupokea data za wingu la nukta, kuzifungasha katika faili, na kuweka ndani ya faili hiyo lebo inayosema jambo fulani. Pengine lebo yenyewe ni biti moja, sifuri au moja. Je, kuweka biti moja mahali fulani ndani ya kisanduku ni uvumbuzi?

Ulaya ina sheria yenye jibu linaloonekana fupi. Mkataba wa Hataza wa Ulaya, uliotiwa saini mjini Munich mwaka 1973, unasema katika kifungu cha 52 kwamba mbinu za hesabu, programu za kompyuta na uwasilishaji wa habari si uvumbuzi. Kisha kifungu hichohicho kinaongeza kwamba vitu hivyo vimekatazwa pale tu vinapodaiwa kwa jinsi vilivyo vyenyewe. Maneno hayo machache yamewalisha mawakili wengi kwa zaidi ya nusu karne. Hata hivyo mwaka 2000 Baraza la Rufaa la Ofisi ya Hataza ya Ulaya lilitoa uamuzi ambao mpaka leo ni mwanga bora kuliko mengi yaliyoandikwa baadaye. Kampuni ya Philips ilidai haki juu ya chombo cha kuhifadhia picha, ambacho mistari ya picha iliandikwa ndani yake pamoja na namba za mistari, anwani na alama za kulinganisha mwendo wa mtambo. Wakaguzi walikuwa wamesema hiyo ni habari tu. Baraza likatenganisha data za aina mbili. Zipo data zinazobeba maana kwa mtu, na zipo data zinazouendesha mtambo. Ukizipoteza za kwanza, skrini yaweza kujaa chengachenga zisizo na maana, lakini mtambo utaendelea kufanya kazi kama kawaida. Ukizipoteza za pili, mtambo wenyewe unaharibikiwa. Hizo za pili, Baraza lilisema, si uwasilishaji wa habari.

Kipimo hicho kina sifa ya kueleweka, nacho chafaa kutumiwa bila haya kwa mawingu ya nukta. Iondoe lebo, kisha utazame kinachotokea. Lebo inayounganisha kigae na mkondo wake ikiondolewa, mtambo hauwezi tena kuchagua. Utalazimika kuagiza wingu zima, kulifungua lote, na kutupa sehemu kubwa. Hiyo ni lebo yenye kazi, na aliyekuwa wa kwanza kubuni namna mpya ya kuifanya kazi hiyo ana haki ya kusikilizwa. Lebo inayosema ngoma hii ilichezwa wapi na nani aliipiga ikiondolewa, mtazamaji amekosa habari nzuri, lakini mtambo haukukosa kitu. Hiyo haistahili hataza hata ikiandikwa kwa kurasa mia.

Ugumu uko katikati. Chukua lebo inayoonyesha upande ambao mtayarishaji angependa mtazamaji aanze nao. Inasomwa na mtambo, na mtambo hugeuza picha kwa kuifuata. Je, ni kazi ya mtambo au ni ladha ya mtayarishaji? Mwaka 2002, katika shauri la kampuni ya Comvik lililohusu kadi moja ya simu yenye namba mbili za utambulisho, Baraza la Rufaa liliweka kanuni inayosaidia hapa: sehemu za madai zisizo za kiufundi hazihesabiwi katika kupima werevu wa uvumbuzi, na shabaha isiyo ya kiufundi yaweza kuchukuliwa kama agizo alilopewa fundi. Mwaka 2021 Baraza Kuu la Rufaa liliithibitisha njia hiyo katika shauri la kuigiza kwa kompyuta mwendo wa watu ndani ya jengo. Kwa kanuni hiyo, matakwa ya mtayarishaji ni agizo. Kinachobaki kwa fundi ni kuongeza nafasi moja ndani ya kisanduku, na kuongeza nafasi ndani ya kisanduku ndiko utaratibu wa visanduku ulikoundiwa. Fundi wa kawaida angefanya hivyo kabla ya chai ya saa nne. Maombi ya namna hiyo yakataliwe, na yakataliwe kwa sababu hayana werevu, maana kikwazo cha kifungu cha 52 huvukwa kirahisi na kila mwenye kutaja neno kompyuta katika madai yake.

Wapo wanaotaka mlango ufungwe kabisa. Wanasema faili ni maandishi tu, na hakimiliki inatosha. Hoja yao ina uzito, lakini inakosea shabaha. Hakimiliki hulinda namna programu ilivyoandikwa. Haimlindi aliyegundua namna ya kupunguza mzigo wa mtandao, kwa kuwa mwingine aweza kuandika upya kwa maneno mengine na kuichukua kazi yote. Mahakama za Marekani, ambako baada ya uamuzi wa Mahakama Kuu katika shauri la Alice mwaka 2014 hataza nyingi za programu zilianguka, nazo hazikufika mwisho huo. Mwaka 2016 mahakama ya rufaa ya shirikisho ilikubali jedwali la data la kampuni ya Enfish kwa sababu liliboresha utendaji wa kompyuta yenyewe. Mwaka uliofuata mahakama hiyohiyo ikakataa hataza ya RecogniCorp ya kugeuza picha za nyuso kuwa msimbo, ikisema hilo ni wazo tupu lililoongezewa hesabu.

Uzito wa suala hili hauko katika lebo moja. Uko katika viwango. Kampuni ikiwa na hataza ya aina ya pekee ya baiskeli, mwananchi anunue baiskeli nyingine. Lakini lebo ikiingizwa katika kiwango cha kimataifa, kila atakayetengeneza mtambo wa kufungua faili hizo hana njia ya kuikwepa. ISO, IEC na ITU zina sera ya pamoja tangu 2007: mwenye hataza atangaze, na akubali kutoa leseni bure au kwa masharti ya haki yasiyobagua, akikataa, kiwango kisiwe na kitu chake. Sera hiyo ni nzuri, ila mashirika hayo hayakagui kama hataza iliyotangazwa ilistahili kutolewa. Kazi hiyo imeachwa mabegani mwa mkaguzi wa hataza, aliyeketi mbele ya rundo la maombi.

Historia ya picha za GIF inaonyesha gharama yake. Kampuni ya CompuServe ilizitoa mwaka 1987, zikatumiwa kila mahali. Ndani yake kulikuwa na mbinu ya kubana data ambayo hataza yake ya Marekani ilikuwa imetolewa mwaka 1985 na kumilikiwa na kampuni ya Unisys. Mwishoni mwa 1994 watengenezaji wa programu walitangaziwa kwamba watadaiwa ada. Mafundi wakalazimika kubuni aina nyingine ya picha, PNG, na hataza ile ya Marekani haikwisha muda mpaka Juni 2003. Yafaa kukiri kwamba mbinu ile ilikuwa uvumbuzi wa kweli. Kama uvumbuzi wa kweli uliweza kuleta taabu hiyo, lebo tupu zilizotapakaa ndani ya kiwango zitaleta ipi? Katika video za H.265, wenye hataza waligawanyika katika makundi zaidi ya moja, kila kundi likidai ada yake, na mwaka 2015 makampuni kadhaa yaliungana kutengeneza njia nyingine isiyo na ada, ambayo ilitolewa mwaka 2018 kwa jina la AV1.

Tanzania inahusika kwa mlango uliokwisha kufunguliwa. Chini ya masharti ya Shirika la Biashara Duniani, nchi zenye maendeleo duni hazilazimiki kutoa hataza mpaka tarehe 1 Julai 2034, na Tanzania imo katika kundi hilo. Lakini imo pia katika Itifaki ya Harare ya 1982, ambayo kwayo shirika la ARIPO hupokea na kukagua maombi kwa niaba ya nchi wanachama. Ombi likiitaja Tanzania na likapita Harare, hataza hiyo ina nguvu nchini kama iliyotolewa hapa. Nchi iliyotajwa hupewa miezi sita tangu siku ya kuarifiwa ili iandike kwamba hataza hiyo haitakuwa na nguvu katika ardhi yake, aidha kwa sababu kitu chenyewe si uvumbuzi kwa mujibu wa Itifaki, au kwa sababu sheria ya nchi haikiruhusu. Miezi hiyo ikipita kimya, hataza ikitolewa itakuwa na nguvu hapa nchini. Kwa hiyo ofisa wa BRELA atakayekuta mezani pake ombi la kufungasha wingu la nukta hahitaji kuwa bingwa wa kompyuta ili aanze kazi. Na aende kwenye madai, aitafute lebo, na aulize mtambo utashindwa kufanya nini lebo hiyo isipokuwapo.