"Haiwezi Kuibiwa"? Soma Hii Kabla Hujatuma Pesa Kwa Blokcheni

Bonasi ya chai ikiingia, hapa Itumbe simu hazinyamazi. Kuna wa kudai, kuna wa kukopa, na siku hizi kuna wa kukwambia, "Weka kwa programu ya blokcheni, hiyo haiwezi kuibiwa." Sisi tunasema: usitume bado, tuelewane kwanza.

Blokcheni ni daftari la malipo lenye nakala kwenye kompyuta nyingi, kwa hivyo ni vigumu mtu mmoja kubadilisha kilichoandikwa. Hiyo ni kweli. Lakini wezi wengi hawagusi daftari. Wanapitia programu zilizojengwa juu yake, au wanaiba funguo.

Juni 2016, mfuko wa The DAO kwenye mtandao wa Ethereum uliporwa etha kama milioni 3.6. Programu yake ililipa kabla ya kupunguza salio. Ni kama wakala anayekupa pesa mkononi kabla hazijakatwa kwa simu yako: mjanja atatoa tena na tena. Machi 2022, wezi walipata funguo 5 kati ya 9 za kuidhinisha malipo kwenye mtandao wa Ronin, wakaondoka na zaidi ya dola milioni 600. Ilijulikana siku 6 baadaye, mtumiaji mmoja aliposhindwa kutoa pesa zake.

Kwetu ukikosea namba, unapiga simu mapema tujaribu kuzirudisha. Kule mara nyingi hakuna wa kupigia. Wengine wanauita huo uhuru. Sisi tunauona ni mzigo, na aubebe anayeujua uzito wake.

Kama bado unataka kujaribu:

- Maneno 12 au 24 ya kufungua pochi yako ya kidijitali yaandike kwa karatasi, uifiche. Usiyapige picha. Anayekuomba maneno hayo ni mwizi, hata akijiita huduma kwa wateja.
- Kabla ya kubonyeza "Kubali", soma unaruhusu nini. Ruhusa moja inaweza kuhamisha salio lote. Ukimaliza, iondoe.
- Uliza kama programu imekaguliwa na wataalamu wa nje. Ukaguzi unapunguza hatari, hauimalizi.
- Anza na pesa ambazo zikipotea, watoto bado watarudi shule.

Majani uliyachuma asubuhi kwa baridi. Usiyapoteze kwa kubonyeza mara moja.