TAHARIRI: MLIMA WETU UNA UDONGO WA SHUBIRI MOJA



Mkutano Mkuu wa Kijiji umekaribia, na jambo kubwa litakaloletwa mbele yetu ni hili: msitu wa mlimani ugawiwe mashamba, au usigawiwe? Vijana wetu wamejiandikisha kuomba eka mbili mbili. Gazeti hili la ukutani lina wajibu wa kusema mapema, kabla ya mikono kunyoshwa. Maana miti ikishakatwa, hakuna mkutano mwingine utakaoirudisha.

Kwanza tuseme la haki. Vijana hawa si wahuni wala si wavivu. Wanatafuta pa kutia jembe. Mashamba ya wazazi yamegawanywa mpaka yamebaki vipande. Mtu anayesema "wangoje tu" hajasema kitu. Kwa hiyo hatubishani kama vijana wapate ardhi. Tunauliza kama huko mlimani ardhi yenyewe ipo.

Darasa letu la kisomo lilipanda huko na sululu na ufito. Tulichimba hapa na pale, tukapima. Pengine ufito uliingia shubiri moja, pengine mbili, halafu ko! jiwe. Katikati ya majabali tu ndipo tulipopata udongo wa kufika magotini, tena ni vijishimo vya kupanda mbuyu mmoja, siyo shamba. Anayebisha na achukue sululu yake apande, asibishie kivulini.

Jiwe la mlima wetu ni itale, wengine huliita graniti. Ni jiwe la kale kupita hesabu zetu. Matale haya ya Usukuma yana zaidi ya miaka milioni 2,000. Jiwe hili huoza polepole mno kwa jua, mvua na mizizi. Likioza, punje zake ngumu zinazong'aa hubaki kuwa mchanga. Zile sehemu zake laini hugeuka unga mwororo wa mfinyanzi, na mvua huuteremsha bondeni. Ndiyo maana juu kuna changarawe, na chini mbugani kuna udongo mweusi unaonata kwenye jembe. Kupata udongo wa unene wa kidole kimoja huchukua mamia ya miaka. Kuupoteza ni kazi ya masika moja.

Mtu atauliza: Katibu, kama udongo ni haba hivyo, mbona miti ni minene? Swali zuri. Mti hauishi kwa ile shubiri moja peke yake. Mizizi yake hupenya kwenye nyufa za jabali kutafuta maji. Na chakula chake hujitengenezea wenyewe: majani huanguka, huoza, mizizi huyala tena. Mahindi hayawezi kazi hiyo. Mizizi yake ikigonga jiwe, basi, jua la wiki mbili linayakausha.

Mwaka wa kwanza mlimani mtavuna, tena vizuri, kwa sababu ya majivu na ile mboji ya majani. Hapo ndipo watu hudanganyika. Mwaka wa pili mavuno hupungua. Baada ya hapo mkulima analima changarawe, mwishowe anahama na kufyeka kipande kingine. Jamani, hilo siyo shamba, ni akiba ya msitu tunaila mara moja.

Wapo wanaosema watakata matuta ya ngazi. Tukumbuke historia. Kule Uluguru serikali ya kikoloni iliwalazimisha watu kuchimba matuta kwa amri, na mwaka 1955 wakayapinga kwa ghasia. Walichoka na amri, ni kweli. Lakini kulikuwa na sababu nyingine: ukichimba ngazi penye udongo mwembamba, ule wenye rutuba unaufukia, na ule usio na kitu unauleta juu. Sasa kwetu hata huo wa chini haupo. Tuchimbe ngazi za mawe?

Tena huko huko Uluguru, Mgeta, mvua kubwa ya Februari 1970 iliporomosha ardhi mahali zaidi ya elfu moja kwa saa chache. Wataalamu walipokwenda kukagua, waliona karibu maporomoko yote yameanzia mashambani na kwenye nyasi. Ndani ya msitu yalikuwa machache mno. Miamba ya kule si sawa kabisa na yetu, lakini mteremko ni mteremko.

Na asijidanganye mwenye shamba bondeni kwamba hili ni la watu wa mlimani. Miaka ya 1930 alikuwapo mtaalamu wa udongo kule Amani, Tanga, jina lake Geoffrey Milne. Aliona kwamba udongo wa kilimani na wa bondeni umeungana kama pete za mnyororo. Wazee wetu wa Kisukuma nao walikuwa na jina la kila pete: luseni ule mchanga wa mteremkoni, mpaka mbuga kule chini. Leo mvua ikinyesha mlimani, majani huipokea na mizizi huipitisha taratibu kwenye nyufa, nasi tunachota kisimani wakati wa kiangazi. Tukikwangua msitu, maji yatateleza juu ya jabali kama juu ya bati. Yatachukua mchanga, yatafukia pamba na majaruba ya mpunga, yatajaza lambo la mifugo. Kisha kiangazi akina mama watabeba ndoo kwenda kijiji cha pili. Je, nao wameulizwa?

Sasa tufanye nini? Kusema "hapana" peke yake siyo uongozi. Tahariri hii inatoa mashauri manne.

Moja: msitu tuuandikishe kuwa hifadhi ya msitu wa kijiji. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inaturuhusu, na mamlaka ya usimamizi yanabaki kwetu wenyewe. Pia Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli ndani ya mita 60 za chanzo cha maji.

Pili: vijana wawe wa kwanza kupewa faida ya msitu: mizinga ya nyuki, uyoga, kuni zilizokauka. Na ngitili turudishe. Shinyanga walianza na mradi wa HASHI mwaka 1986, na maelfu kwa maelfu ya hekta yamerudi kuwa majani na miti.

Tatu: kila mwenye ardhi aliyoiacha bila kulima miaka mingi aitaje mkutanoni, ikodishwe kwa kijana kwa maandishi. Tunawajua, tusilazimishane kutaja majina ukutani.

Nne: tuulishe udongo tulio nao. Ukara, kile kisiwa cha hapo Ziwani, ni matale na mchanga kama kwetu, na watu ni wengi kupita kwetu. Wameishije? Ng'ombe walilishwa zizini, samadi ilikusanywa na kupelekwa shambani, na mimea ya kurutubisha ilipandwa pamoja na uwele kisha ikafukiwa. Sisi samadi yetu inalundikana mazizini mpaka inaota magugu, halafu tunatazama mlimani!

Wakubwa wanakumbuka redio ya mwaka 1980 ikitufundisha kwamba Misitu ni Mali. Mali haifujwi kwa sababu ya njaa ya msimu mmoja.

Basi kabla ya mkutano, kila balozi apande mlimani na watu wake, pamoja na vijana walioomba. Sululu mbili na ufito vipo ofisi ya ushirika, havikodishwi. Chimbeni wenyewe, pimeni wenyewe. Atakayepata eka mbili za kina cha jembe aje azionyeshe mbele ya mkutano, tutamsikiliza kwa heshima. Asiyezipata, anyoshe mkono wake akijua anachokipigia kura.

Katibu wa Chama, Tawi