Bingwa wa Championship ni Timu ya Nani?

Kila msimu ukiisha, video ni zile zile. Kombe la Championship linanyanyuliwa, wachezaji wanapandishwa kwenye pikapu, bodaboda zinaongoza msafara kwa honi, na mheshimiwa mmoja anashika kipaza sauti kuapa kwamba timu imepanda na haishuki ng'o. Status za WhatsApp zinajaa rangi za timu. Raha tupu!

Swali ambalo huwa haliulizwi siku hiyo ni moja tu: hii timu ni ya nani?

Ligi yenyewe si ya kitoto. Zamani ikiitwa Ligi Daraja la Kwanza, leo inajulikana kama NBC Championship. Timu 16, mechi 30 kila moja, safari za basi usiku kucha, viwanja vingine mpira ukidunda unaenda unakotaka wenyewe. Wawili wa juu wanapanda moja kwa moja, wanaowafuata wanaenda kupigana kwenye mchujo. Anayetoboa hapo ametoka jasho kweli kweli.

Sasa waangalie waliotoboa. Ken Gold ya Chunya ilibeba ubingwa msimu wa 2023/24. Ikapanda Ligi Kuu, mambo yakawa magumu, dirisha dogo wakaletwa mastaa waliowahi kutamba Kariakoo. Haikusaidia, msimu ukaisha na timu ikashuka. Mwaka mmoja tu, habari kwisha.

Tabora United, iliyokuwa ikiitwa Kitayosce, ilipanda mwaka 2023. Mechi yake ya kwanza Ligi Kuu, Chamazi dhidi ya Azam, iliingia uwanjani na wachezaji 8. Nane! Wengine vibali vyao vya usajili havikuwa vimekamilika. Mechi ikavunjika wakiwa wameshapigwa 4-0. Watu walicheka sana mtandaoni, ila mtu aliyekaa Tabora akingoja siku hiyo kwa hamu hakucheka.

Halafu kuna Ihefu. Hapa ndipo panapouma.

Ihefu ilipanda mwaka 2022 ikitokea Mbarali, Mbeya. Hata jina ni la nyumbani, ni ardhi oevu ya bonde la Usangu. Novemba 2022, pale Highland Estates, Ubaruku, timu hiyo iliifunga Yanga 2-1 na kukata rekodi ya mechi 49 za ligi bila kupoteza. Oktoba 2023, uwanja ule ule, ikaifunga Yanga tena 2-1. Ubaruku, sehemu ambayo wengi Dar walikuwa hawaijui hata kwa jina, ikawa gumzo la nchi nzima.

Msimu huo huo haujaisha, timu ikahamishiwa Singida. Uliofuata, hata jina likafutwa, ikawa Singida Black Stars. Mkulima wa mpunga wa Mbarali aliyekuwa akiwahi kumaliza kazi shambani ili aende uwanjani hakuulizwa chochote. Alilala ana timu ya Ligi Kuu, akaamka hana, na hata kushuka daraja haikushuka.

Na Singida wenyewe wasichekelee, maana wameshaonja. Singida United ilifika fainali ya Kombe la FA mwaka 2018, mwaka 2020 ikashuka na kupotea. Ikaja DTB, iliyopanda 2022 na kubatizwa Singida Big Stars. Baada ya mwaka ikawa Singida Fountain Gate, kisha neno Singida likaondolewa na timu ikahamia Babati, Manyara. Shabiki wa Singida amebadilisha jezi mara nyingi kuliko mchezaji.

Ukiwapanga waliopita Championship, mstari unaonekana. JKT Tanzania ilishuka 2021, ikarudi 2023 ikiwa bingwa. Mtibwa Sugar, bingwa wa Ligi Kuu mwaka 1999 na 2000, ilishuka 2024, msimu uliofuata ikabeba ubingwa wa Championship na kurudi. Mbeya City ilishuka 2023, ikarudi 2025. Pamba ya Mwanza ilikaa nje zaidi ya miaka 20, na 2024 ikapanda kama Pamba Jiji. Mmoja ana jeshi nyuma yake, mwingine kiwanda, wengine halmashauri ya jiji. Hao wakianguka, kuna mtu wa kuwanyanyua. Ile inayotegemea mfuko wa bosi mmoja, bosi akichoka, akigombana na watu au akipata dili tamu mkoa mwingine, inaondoka naye.

Mabosi nao wana hoja, wasionewe. Timu ya mkoani inakula hela kama moto wa makaratasi: mishahara, kambi, mafuta ya basi, hoteli. Biashara United ya Mara iliifunga Al Ahli Tripoli 2-0 Dar mwaka 2021, Kombe la Shirikisho Afrika, halafu ikashindwa kusafiri Libya kwa marudiano. Msimu huo huo ikashuka daraja. Bila mwenye hela, ndoto inafia uwanja wa ndege.

Na mashabiki wa mkoani nao wajiangalie. Simba au Yanga ikija, uwanja unajaa, ila nusu ya waliojaa ni wenyeji waliovaa jezi ya mgeni. Mechi inayofuata dhidi ya timu ya kawaida, jukwaa linabaki na watoto na wauza karanga. Bosi anayehesabu viingilio vya siku hiyo anapata wapi moyo wa kubaki?

Ila hasara ya bosi ni ya pesa tu, na anaweza kuuza timu akarudisha chake. Mji hauna cha kuuza. Kwa hiyo kabla ya kumkabidhi bingwa nafasi ya Ligi Kuu, mambo mawili yawe wazi. La kwanza, aonyeshe bajeti ya msimu mzima na usajili uliokamilika, aibu ya wachezaji 8 isijirudie. La pili, jina na mji wa timu visiguswe bila kura ya wanachama wenye kadi. Bosi amiliki hisa zake, apate faida yake, awe tajiri zaidi, hakuna tatizo. Mji usiwe sehemu ya bidhaa.

Na kadi hizo zinunuliwe. Shabiki asiye na kadi wala jezi atabaki kulia kwenye comments tu, na timu haijawahi kurudishwa kwa emoji.

Msimu ujao bingwa mwingine atapita mtaani na pikapu. Wakati honi zinalia, anayeshangilia amuulize kiongozi aliyeshika kipaza sauti: mwakani timu hii itakuwa hapa hapa, na itaitwa jina hili hili?

Wadau, mkoa wenu umewahi kupoteza timu gani, na aliulizwa nani?