Soseji za Dukani: Ipi Itufae?

Jumapili hii tupime soseji za dukani. Nilinunua pakiti tatu, nikazikaanga kwa moto uleule. Za kwanza zilinywea, zikaacha maji tele kikaangoni. Za pili zilikuwa tepetepe, chumvi tupu. Za tatu zilitafunika, zikanukia nyama na pilipili manga. Hapo nikasoma maandishi ya pakiti, ambayo hutanguliza kilicho kingi kwa uzito. Za tatu zilianza na nyama ya ng'ombe. Katika za pili, maji na wanga vilifuata nyama ya kuku papo hapo. Ulimi haukudanganya.

Lakini utamu si ruhusa ya kula kila siku. Mwaka 2015 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani walithibitisha kwamba nyama iliyosindikwa husababisha saratani ya utumbo mpana. Gramu 50 kila siku huongeza hatari hiyo kwa asilimia 18.

Basi, mzazi mwenzangu, soseji na iwe kitoweo cha nadra. Ipike iive hadi ndani. Na ya mtoto mdogo ipasue kwa urefu, kisha uikatekate, isije ikamkaba koo.