Dakika kumi za Mombo

Mwenzenu nilipotea kidogo, mitihani ilinibana, bumu likachelewa, halafu nikaenda zangu nyumbani Mombo likizo. Nimerudi kampasi juzi. Nilikuwa nimepanga niandike mambo ya foleni ya kantini na jirani yangu wa chumba anayepiga msuli usiku kwa sauti, lakini kuna kitu kimenikaa rohoni tangu likizo, nikaona nikiandike kwanza. Ni mambo ya waganga wa jeshi. Najua wengine mtasema huyu naye kaanza lini ushabiki wa magwanda. Nisomeni mpaka mwisho ndiyo mnishukie.

Kwa wasiopajua, Mombo ipo wilaya ya Korogwe, chini kabisa ya milima ya Usambara. Barabara kuu ya kutoka Segera kwenda Same na Moshi inapita katikati ya mji, na pale njia panda ndipo inapoanzia ile ya kupanda Lushoto, kona juu ya kona kwa kilomita 30 na ushee. Mabasi yanasimama abiria wapate kula, na vijana wanakimbilia madirishani na mapeasi na karoti. Ni mji wa watu wanaopita, na mji wa watu wanaopita ni mji wa ajali.

Basi siku hiyo nimekaa kibarazani na mama, tukasikia kishindo. Fuso la kabichi lilikuwa linashuka kutoka Lushoto, breki zikagoma, likaivaa Costa pale njia panda. Tukakimbia. Kabichi zimetapakaa barabara nzima, watu wanapiga kelele, wengine wanaokota kabichi (ndiyo, wanaokota kabichi). Mama yangu, kwa fahari zake zote, akapaza sauti: "Mpisheni mwanangu, ni daktari!"

Jamani, mimi niko mwaka wa pili. Watu wakanipisha. Mbele yangu yuko utingo wa fuso, kijana wa rika langu, paja limechanika na damu inaruka. Nilijua jina la mshipa ule, kwa Kilatini kabisa, niliuandika kwenye mtihani nikapata alama nzuri. Kuubana sikujua. Nilisimama. Sijui nilisimama muda gani. Nikamwacha, nikajifanya nakagua wengine. Nikafika kwa bibi mmoja aliyekaa ukingoni mwa barabara, katulia, kajifunika kanga. Nikamuuliza, "Shikamoo bibi, umeumia?" Akasema, "Marahaba. Mimi sijambo mwanangu, waangalie hao wanaolia." Nikafurahi kwamba kuna mmoja asiyenihitaji. Nikapita.

Hapo ndipo alipofika mzee mmoja mwenye shamba la mpunga kule kwenye skimu. Pale mtaani tunamwita Afande tu. Alistaafu jeshi siku nyingi, na kazi yake jeshini ilikuwa upande wa tiba. Kaja na baiskeli, miguu ina tope. Hakukimbilia majeruhi yeyote. Alisimama kama sekunde tano akaangalia eneo zima, kisha akaanza kunyoosha kidole. "Wewe mwenye fulana nyekundu, nenda upande wa Korogwe usimamishe magari. Wewe, upande wa Same. Wewe zima injini ya hilo fuso, na hakuna kuvuta sigara hapa. Mama, nipe hiyo kanga." Akanitazama mimi. "Na wewe dokta, weka ngumi hapa, lalia na uzito wako wote, usiinue mpaka nikuambie." Nikaweka ngumi. Akazungusha kanga juu ya jeraha, akaikaza kwa kipande cha mti, damu ikakatika. Akaomba kalamu, akaandika saa kwenye paji la uso la yule kijana.

Halafu akauliza swali ambalo nalisikia mpaka leo: "Nani amemwangalia aliyenyamaza?"

Alikuwa yule bibi. Afande akamshika mkono, akamtazama midomo, akamgusa tumbo, na gari la kwanza lililopatikana akampandisha yeye kabla ya wote waliokuwa wanapiga kelele. Korogwe si mbali, kama kilomita 40. Hakufika. Utingo anaishi, mguu anao. Bibi hakufika.

Sijaandika haya ili mnipe pole. Nimeandika kwa sababu nilimfuata yule mzee kesho yake shambani kwake, nikamuuliza alijuaje. Akanijibu akiwa anapalilia, wala hakuacha kazi: "Sisi jeshini tulianza na kuhesabu, kutibu kukafuata. Wangapi, wako wapi, nani anakufa sasa hivi, nani atakufa baadaye, na nani kati ya wazima anaweza kunisaidia." Nikamwambia sisi tunaanza na anatomia. Akacheka. "Hiyo nayo muhimu, mwanangu. Ila wewe ulifundishwa kumsubiri mkubwa. Mimi nilifundishwa kwamba mkubwa anaweza kuwa ndiye aliyepigwa risasi."

Wandugu, mnaona tofauti? Watu wakisikia shule ya tiba ya jeshi wanafikiria ni chuo kama vyuo vyetu, ila wanafunzi wanavaa gwanda na wanaamka mapema. Sivyo. Kazi yake ni kumtengeneza mtu atakayeshika uongozi pale ambapo hakuna kiongozi, hakuna umeme, hakuna wodi, na aliyepo ni yeye na watu walioogopa. Tiba ni nusu ya somo. Nusu nyingine ni kuamuru kwa sauti ya kawaida, kuwagawia watu kazi, na kubeba lawama ya uamuzi.

Umoja wa Mataifa una kanuni ya kuhudumia majeruhi kwenye vikosi vyake vya kulinda amani, wanaiita 10-1-2. Ndani ya dakika 10 majeruhi awe amezibwa damu na anapumua. Ndani ya saa 1 awe ameshikwa na wataalamu wa dharura. Ndani ya saa 2 awe kwenye upasuaji. Hiyo saa na hizo saa 2 ni za madaktari, magari na helikopta. Lakini zile dakika 10 ni za yeyote aliye jirani. Za Mombo zilikuwa zangu.

Na sisi Watanzania hili tunalijua kwa uchungu. Tarehe 7 Desemba 2017, kambi ya walinda amani wetu kule Semuliki, Kongo mashariki, ilishambuliwa usiku. Askari wa JWTZ waliokufa siku ile walikuwa 14, na zaidi ya 40 walijeruhiwa. Uchunguzi wa Umoja wa Mataifa uliotoka mwaka 2018 ulitaja pengo la mafunzo, udhaifu wa uongozi na amri katika misheni ile, kukosekana kwa mpango wa kueleweka wa kuwaongezea nguvu na kuwatoa, na upungufu wa vitu kama ndege. Shida haikuwa ushujaa. Lakini ushujaa hauzibi damu. Kinachoziba damu ni mtu aliyefundishwa, na kinachomtoa majeruhi ni mpango uliopangwa kabla.

Yule mzee alininyooshea mkono kule iliko reli akaniambia, "Hata hapa jeshi limepita, kasome." Niliporudi kampasi nikaenda maktaba. Kumbe reli ya Wajerumani kutoka Tanga ilifika Mombo mwaka 1905, na wakati wa Vita Kuu ya Kwanza walitandika kijireli cha matoroli kutoka Mombo kwenda Handeni. Juni 1916 majeshi ya Waingereza chini ya Jenerali Smuts yakashuka kando ya mto Pangani, yakaitwaa Mombo, Lushoto (wakati huo Wilhelmstal), Korogwe na Handeni ndani ya mwezi huo huo. Risasi hazikuwa adui mkubwa. Adui alikuwa malaria, kuhara damu, nimonia na njaa. Na waliokufa zaidi ni wapagazi, babu zetu waliobebeshwa mizigo, wale ambao jina la kikosi chao limebaki kwenye Kariakoo yetu ya Dar. Kwa upande wa Waingereza peke yao, wapo wanaokadiria wapagazi 95,000 walikufa.

Ni mwaka 1917 ndipo Uganda ilipoundwa African Native Medical Corps, yaani kikosi cha tiba cha Waafrika, chini ya daktari G. J. Keane. Walichukua vijana wa shule za misheni, wanafunzi kama mimi na wewe, wakawafundisha kufunga vidonda, kuuguza na kusimamia wodi, wakaletwa kwenye hospitali za vita. Baada ya vita, kazi yao ikawa hoja mikononi mwa waliotaka Waafrika wafundishwe udaktari. Makerere ilianza mwaka 1922 na mafunzo ya tiba yakafuata Mulago miaka hiyo hiyo ya 1920. D. G. Tomblings, aliyeandika na Keane kitabu cha kikosi hicho mwaka 1920, alikuja kuwa mkuu wa Makerere. Kwa hiyo tunapojivunia shule za udaktari za Afrika Mashariki, tukumbuke kwamba mzizi wake mmoja uko kwenye machela za vita.

Sasa najua hoja itakayokuja, na ni ya haki. Jeshi hutibu ili askari arudi vitani, na yule mpagazi alitibiwa ili abebe tena. Kikosi cha Keane chenyewe kilikuja wapagazi wakiwa wamekwisha kufa kwa maelfu. Sibishi. Ndiyo maana nasema dhamira ni muhimu kuliko gwanda. Mkataba wa Geneva wa mwaka 1949 unasema kinachoamua nani atibiwe kwanza ni uzito wa hali yake tu, awe wa kwetu au adui. Pale njia panda Afande hakuuliza nani dereva aliyesababisha. Hakuuliza nani ana nauli ya gari. Bibi asiyelia alitangulia. Ukiwa na amri bila dhamira hiyo unapata ukatili, na ukiwa na dhamira bila amri unapata mimi, nimesimama na alama zangu nzuri.

Hoja ya pili: hospitali si kambi, mgonjwa haamrishwi. Kweli. Lakini hata Lugalo pale Dar, kwenye Hospitali Kuu ya Jeshi, raia wanatibiwa kila siku. Kambi ile zamani iliitwa Colito, na ndiko maasi ya Januari 1964 yalikoanzia, mpaka jeshi likavunjwa na JWTZ ikaundwa Septemba mwaka huo. Jina la sasa ni la mahali ambapo Wahehe wa Mkwawa waliwashinda Wajerumani mwaka 1891. Nchi ilishajifunza pale kwamba jeshi lisilo na uongozi mzuri ni hatari kwa wenyewe. Sidhani ni vibaya vyuo vya raia vikienda kuazima somo kwa walimu wa tiba wa hapo.

Ninachotaka ni kidogo. Kwanza, mwanafunzi yeyote wa tiba asivuke mwaka wa kwanza bila kupimwa kwa vitendo dakika 10 za mwanzo: kuziba damu, kufungua njia ya hewa, kuhesabu majeruhi, kugawa kazi. Akishindwa ale sapu kama kwenye somo lolote. Pili, vijana wa kidato cha sita wanaenda JKT kwa mujibu wa sheria tangu utaratibu uliporudishwa mwaka 2013. Hao ni maelfu kila mwaka. Kila mmoja atoke pale na cheti cha huduma ya kwanza alichokipata kwa kupimwa. Tatu, miji ya barabarani kama Mombo ina wauza mapeasi, bodaboda na makonda ambao ndio hufika kwanza kwenye kila ajali. Wafundishwe. Afande ameshaanza. Jumapili jioni anakaa na vijana wa bodaboda chini ya mwembe, ana vipande vya kanga na vijiti. Nilihudhuria mara mbili. Mara ya pili alinipa mimi nifundishe, yeye akakaa pembeni kama mwanafunzi.

Kijana mmoja akaniuliza, tukikuta wengi tuanze na nani? Nikamjibu alivyonifundisha mzee: anza na aliyenyamaza.

Haya, kesho nina kipindi saa moja asubuhi. Kwenye begi nina kanga moja ya mama, ile aliyoivaa siku ile. Ameifua, akanipa.