Jamani, mota haina kosa!

Wadau, hili limenikera. Juzi hapa Kware liliingia gari la safari lenye vitanda na jiko ndani, ngazi yake ya umeme ya mlangoni imegoma kushuka. Fundi akabadilisha mota. Kimya. Akabadilisha swichi. Kimya. Akaweka fyuzi kubwa zaidi! Mwenye gari analipa tu.

Fyuzi iko pale ili ikatike kabla waya haujaungua. Ukiweka kubwa, waya wenyewe ndio umekuwa fyuzi, na humo ndani watu wanalala na mtungi wa gesi.

"Lakini nimepima, volti 12 ziko!" Ulipima mota ikiwa imetulia. Kiungo chenye kutu huonyesha volti zote kama hakuna mzigo; mota ikianza kuvuta, volti zinaishia kwenye kutu. Pima swichi ikiwa imebonyezwa: ncha moja ya mita kwenye hasi ya betri, nyingine kwenye hasi ya mota. Ikizidi nusu volti, kosa liko njiani, si kwenye mota. Sisi tulisoma volti 7! Tukasugua boliti ya waya wa bodi kwa msasa, ngazi ikashuka.

Na sisi waandika programu tusicheke. Mara ngapi seva imegoma tukaiongezea memori bila kusoma logi? Kubahatisha kwa pesa za mwenzio si ufundi. Pima kwanza, ndipo utoze.