Mlango wa Mbao Tunauheshimu, wa Bati Je?

Kila mgeni wa heshima anayefika Mji Mkongwe huoneshwa milango ya nakshi. Afisa wetu humweleza habari za seremala na patasi yake, tena kwa fahari, kwani tangu mwaka 2000 mji huo umo katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Jambo hilo ni jema. Lakini mlango wa gari la ofisi unapobonyea, afisa huyo huyo hataki kusikia jina la fundi wa Unguja. Agizo huandikwa mara moja: uletwe mwingine kutoka Dubai au Japani. Ule wa zamani hutupwa uani uliwe na chumvi ya bahari, na fedha za kigeni zimekwisha kutoka.

Hii ni kasumba ya kikoloni, kwamba mshika kalamu ni bwana na mwenye grisi mkononi ni mtwana.

Natuutazame mkono wenyewe. Bati la mlango wa gari kwa kawaida halifiki unene wa milimita moja. Mnyoosha bodi aliyekomaa halitwangi bonde katikati kwa pupa. Huanza pembezoni, akakinga kwa kipande cha chuma kizito upande mmoja na kugonga kwa nyundo upande wa pili, kidogo kidogo, huku kiganja kikipapasa kasoro ambazo jicho halizioni. Anajua kwamba bati linalopigwa hukakamaa, na likizidi kupigwa hutanuka likavimba. Hapo hupachoma mahali padogo kwa moto wa gesi mpaka pawe pekundu, kisha akapapoza kwa kitambaa cha maji, nalo bati hujikaza. Hiyo ni fizikia, ndugu walimu, ile ile mnayoiandika ubaoni. Ila huyu akikosea hulipa.

Na bado mwanafunzi mzito wa hesabu huambiwa mbele ya wenzake, “Wewe nenda gereji!” Elimu ya Kujitegemea ilitangazwa mwaka 1967, nasi gereji tumeifanya adhabu.

Watasema wako mafundi walaghai, wanaofukia bonde kwa pati na kupaka rangi juu yake, na masika moja tu nyufa hutokeza. Wapo, naam. Lakini nani huwapa kazi? Ni ofisi inayokimbilia bei ya chini, na kulipa bila hata kupitisha sumaku, ambayo hushika chuma na haishiki pati. Watasema pia kwamba magari ya sasa yana nguzo za chuma kikali kisichofaa kuchomwa moto ovyo. Ni kweli kabisa; basi fundi afundishwe kipi kinyooshwe na kipi kibadilishwe. Vituo vya Mafunzo ya Amali vipo Mwanakwerekwe na Mkokotoni. Wazee wa nyundo waitwe huko, wapimwe kwa bati wala si kwa insha, wapewe vyeti, na wakifundisha walipwe. Na kabla mhasibu hajatia saini agizo jingine la mlango kutoka ng’ambo, adai maandishi ya fundi aliyeukagua ule wa zamani, yakieleza kwa nini haunyoosheki.